Maji Yapitie Wapi

Kwa siku mbili nyumba yetu hapa Kasenga, mjini Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ilinuka siki. Haikuwa siki ya kachumbari bali ile harufu ya silikoni inayokauka, ipandayo puani na kukaa nyuma ya koo. Sanduku la kioo lilikuwa juu ya meza barazani, tupu, urefu sentimita 80, upana 40, kimo 50, na fundi alikuwa amekataza mtu yeyote asiliguse, hata mama watoto aliyekuwa akiidai meza yake. Siku ya tatu alikuja mapema, akaomba kikombe cha bati, akakijaza maji na kuyamimina ndani ya sanduku. Kikombe kimoja. Kisha akavuta kiti, akakaa, akatazama.

Mimi nilikuwa na haraka ya mimea. Makangaga niliyoyatoa bondeni yalikuwa yamefungwa kwenye gunia bichi, na nilidhani kazi ya siku hiyo ni kuyapanda. Nilipomwuliza tunangoja nini, alijibu bila kuinua macho: “Mwalimu, maji iko na akili kutupita.”

Alikuwa anangoja mambo mawili. La kwanza ni tone: kama lipo litakalopenya kwenye pembe na kuacha doa mezani. La pili ni safari. Alikuwa ameweka kibao chembamba chini ya sanduku kwa upande wa nyuma, na sasa alitaka kuyaona maji yakijikokota kuelekea pembe ya mbele, mkono wa kushoto. Yalipofika na kutulia, alichukua kipande cha sabuni akachora alama juu ya kioo. Udongo ulikuwa bado, jiwe bado, vyura wangali kwenye matete yao, naye alikwisha kuchagua maji yatatokea wapi.

Wageni wanaolikuta sanduku hilo leo husifu majani. Nami siwalaumu, majani ni mazuri. Lakini mimi niliyekaa na fundi tangu siku ya silikoni, jicho langu huanza chini, kwenye ile nafasi ya giza yenye kimo cha vidole vitatu ambayo hakuna mgeni anayeiona.

Fundi huyu ni mkata vioo vya madirisha. Ameniomba nisimtaje jina, kwa kuwa hataki kuletewa kazi za watu wenye haraka. Ujana wake aliupitisha ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, ambako Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa ameanzisha biashara ya kusafirisha samaki wa mapambo wa ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ambako watu wa kutengeneza matangi ya kioo walihitajika kila mara. Huko alijifunza kuunganisha kioo na kioo bila fremu. Masanduku ya vyura aliyaanza baadaye, mwenyewe, na anasema ni kazi ngumu kuliko ya samaki. Samaki ukimpa maji mazuri, umekwisha maliza. Chura anataka nchi kavu, anataka maji, na kati ya hivyo viwili anataka mlango.

Tena chura hanywi kama sisi. Maji huyafyonza kwa ngozi, hasa ile ya tumboni na ya mapajani, akiwa amekaa tu juu ya jani lenye umande. Kilichomo majini kimo ndani yake. Ndiyo maana maji ya bomba yenye klorini fundi huyaacha ndani ya beseni wazi siku nzima na zaidi kabla ya kuyatumia. Maji ya ziwa nayo hayataki kabisa. Tanganyika ni maji mazito yenye magadi. Yakikauka kwenye kioo huacha utando mweupe usiotoka kwa kitambaa, na vyura wa mabondeni hawakuzaliwa nayo. Anachotaka ni mvua. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mabati yetu hutoa ya kutosha, na nyuma ya jiko letu sasa kuna bidoni tano za manjano ambazo watoto wamekatazwa kuoshea miguu.

Niseme kidogo kuhusu vyura wenyewe, wasije wakadhaniwa ni wa ajabu. Juu yetu, kwenye milima ya Itombwe, wapo vyura wa ajabu kweli. Raymond Laurent, Mbelgiji, aliwaeleza wengi wao kwa mara ya kwanza katikati ya karne iliyopita, na miaka ya karibuni Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro na Mmarekani Eli Greenbaum wamepanda milima hiyo kuwatafuta tena. Hao si wa kuwekwa barazani. Wetu ni vyura wa matete, wa jenasi ya Hyperolius, wadogo kiasi cha kukaa wawili juu ya kidole gumba, wale ambao mvua ikinyesha huingia wenyewe hadi bafuni na kubandika matumbo yao kwenye kioo cha dirisha. Mchana hujikunja kama kijiko. Usiku hupiga mlio mkali ambao kwa umbo lile huwezi kuuamini.

Baada ya kikombe cha maji, fundi alikata bomba la plastiki vipande vya sentimita 5, akavisimamisha sakafuni mwa sanduku kama vigoda. Juu yake akalaza wavu mgumu alioukata kwenye kreti kuukuu. Hapo pakawa na chumba cha chini: maji yote yatakayonyeshwa juu yatachujika hadi humo, yatulie, yavutwe kwa mrija kutoka ile pembe ya sabuni. Bila chumba hicho udongo hulowa hadi chini, hukosa hewa, na ndani ya wiki chache hutoa harufu ya yai viza. Mizizi huoza, kisha ngozi ya chura.

Juu ya wavu mgumu hutakiwa kitu laini cha kuzuia udongo usishuke. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Fundi alikuwa amekwenda kutafuta kokoto, nami kwa kutaka kusaidia nikachana chandarua cha zamani cha watoto na kukitandika vizuri sana. Alirudi, akaona kitambaa cheupe, akadhani nimekinunua. Tukaweka makaa yaliyopondwa kiasi cha punje za mahindi, tukaweka kokoto zilizooshwa mpaka maji yakatoka safi, tukaweka udongo uliochanganywa na majani makavu ya mwembe. Mwisho akamwaga kopo la vidudu vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi, wale warukao ukifunua gome la mgomba uliooza. Kazi yao ni kula uozo. Asubuhi ya tatu walikuwa wanaelea kwenye maji ya chini, wote, kama unga.

Fundi aliuliza swali moja tu: “Hii chandarua ilitoka wapi?”

Vyandarua tunavyogawiwa hutiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haiulizi mdudu ni wa ukoo gani. Wangeingia viluwiluwi kwenye maji yale, nao hawangepona. Alikitoa kila kitu: udongo, kokoto, makaa, wavu wa kreti, hata vile vigoda vya bomba. Hakugomba. Alikiosha kioo mara tatu, akaliacha sanduku juani, akaondoka. Aliporudi alikuwa na kipande cha wavu wa ndagala uliochakaa, kutoka kwa wavuvi wa Kalundu, ambao ulikuwa umekwisha kupigwa na jua na maji kwa miaka. Akaukunja mara nne ili macho yake yabane. Sijaona kitambaa cha dukani kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi, na nilipoutazama umelala pale nikakumbuka kwamba kuchuja ndiyo kazi pekee wavu ule uliyowahi kuijua.

Kisha ikaja pwani, ndivyo anavyoiita. Theluthi moja ya sanduku ni maji ya kina cha sentimita 10 hivi; yaliyobaki ni nchi. Mtu asiyejua angeweka kipande cha kioo wima katikati, maji huku, udongo kule. Chura mdogo wa matete akianguka kwenye maji yenye ukingo wima, na asipate pa kushika, huenda akachoka na kuzama, chura au si chura. Kwa hiyo ukingo lazima ulale, na mawe yanayoulaza lazima yasicheze.

Fundi alikuwa na karai la mawe bapa ya mtoni. Aliyapanga kuanzia chini ya maji kwenda juu, kila moja likilalia mgongo wa lililotangulia, na kila alipoweka moja alilisukuma kwa kidole gumba, taratibu, kutoka pande zote. Likitikisika, alilitoa na kuligeuza. Jiwe moja la rangi ya ini aliligeuza mara sita. Nilijaribu kumletea lingine akanyanyua mkono kunizuia: jiwe halikuwa na kosa, yeye ndiye hakuwa amelipata upande wake. Mara ya sita likakaa, akalisukuma, halikwenda popote, na uso wake haukubadilika. Alijaza maji, akawasha kijipampu kinachotumia betri ya sola, akaweka juu ya maji kijiti kimoja cha kiberiti. Kijiti kikazunguka, kikapita nyuma ya mzizi, kikakwama kwenye pembe. Akasogeza jiwe moja nusu kidole. Safari ya pili kijiti kilizunguka na kuja kulala juu ya mteremko wa mawe. Chochote kitakachochoka ndani ya maji yale, maji yenyewe yatakileta nchi kavu.

Kuhusu pampu, aliniuliza kwanza umeme wetu ukikatika hukatika saa ngapi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Mdomo wa mrija aliuweka juu ya uso wa maji, kwa sababu ukizama, pampu ikizimika maji hurudi nyuma yenyewe kwa mrija uleule na kumwagika upande wa pili. Na chumba cha chini alikipa nafasi ya ziada ili maji yote yaliyo njiani, kwenye mizizi na kwenye mawe, yakishuka kwa pamoja yasifurike. Sanduku limejengwa kwa ajili ya siku ya giza.

Kazi ya namna hii iliwahi kufanywa kwa ukubwa wa kutisha nchini Tanzania, kwenye korongo la Kihansi, kusini mwa milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 watafiti walikuta huko chura wa rangi ya haradali ambaye jike lake halifikii sentimita 3. Hatagi mayai majini. Huzaa watoto waliokamilika, wa kiasi cha punje ya mchele. Makao yake yote duniani yalikuwa hekta chache za majani chini ya maporomoko, mahali palipoloweshwa usiku na mchana na rasharasha. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, sehemu kubwa ya mto iliingizwa kwenye handaki, na rasharasha ikakoma. Majani yakakauka.

Ndipo watu wakafanya lile ambalo fundi wangu angelielewa bila kuelezwa. Walitandika mabomba korongoni, yenye pua ndogo za kurushia maji, yanayoendeshwa na mteremko peke yake. Na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Baadaye wengine wakafugwa Toledo, Ohio. Huko wakawekwa kwenye masanduku ya kioo, na mafundi wa huko wakalazimika kujifunza kuanzia sifuri: mwanga gani, vidudu gani, maji ya aina gani, yanyunyizwe mara ngapi. Wengi walikufa. Kuna wakati walibaki chini ya 100. Korongoni, mabomba yaliwarudisha hadi maelfu, kisha mwaka 2003 wakatoweka ghafla, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba hawapo tena porini. Waliokuwepo duniani walikuwa ndani ya vioo vya Marekani. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania na kuwekwa katika nyumba maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwenyewe.

Hadithi hiyo husimuliwa kama ushindi wa sayansi, na ni kweli. Mimi humfikiria yule mtu, popote alipokuwa, aliyeinama na bisibisi akisafisha pua ya bomba iliyoziba, kwa kuwa akiiacha hadi kesho, jamii nzima ya kiumbe itakauka.

Kiswahili kina neno ukungu, nacho hukuacha uchague mwenyewe: ni ule mvuke mweupe unaoshuka milimani asubuhi, na ni ule uchafu mweupe unaoota juu ya mkate. Vyura wa Kihansi waliishi kwa ukungu wa kwanza. Walipoanguka mwaka 2003, miongoni mwa vilivyokutwa kwenye miili yao ni kuvu anayekula ngozi ya vyura, ndugu wa ukungu wa pili, ambaye amewamaliza vyura katika mabara kadhaa. Kuvu huyo husafiri kwa maji na kwa udongo wa viatu. Kwa sababu hiyo chura aliyekaa barazani kwangu hawezi kurudishwa mtoni, na maji yanayovutwa kwenye sanduku hayamwagwi mtaroni.

Ndani ya sanduku ukungu wote wawili hufika. Wa pili hutangulia. Wiki ya kwanza mzizi tulioupamba ulivaa manyoya meupe, na mke wangu akauliza kama ndiyo pesa yetu inaoza vile. Fundi alikuwa ameonya: mtu anayesafisha hapo ameharibu. Vidudu vyeupe, safari hii vikiwa hai, vilipanda mzizi na kuula, na kufikia wiki ya tatu mti ulikuwa mtupu na mweusi. Baadaye zile nyasi fupi laini za kwenye mawe ya mtoni zikaanza kushika. Wiki sita sanduku lilikaa bila chura hata mmoja. Watoto walimwonyesha kila mgeni sanduku la vyura, na mgeni aliuliza vyura wako wapi.

Watu wa Uvira hawahitaji kufundishwa maji yakikosa njia hufanya nini. Aprili 2020 mto Mulongwe uliacha kitanda chake ukapita katikati ya nyumba, na makumi ya watu wakafa. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 likaingia mitaani na kukaa kama mpangaji. Ziwa lenye urefu wa kilometa 673 lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Mpelelezi Mwingereza, Cameron, aliufikia mwaka 1874 na kusema maji yanatoka. Mpelelezi mwenzake, Stanley, alipofika mwaka 1876 akakuta umezibwa na matope na mafunjo, na hakuna kinachotoka. Ziwa liliendelea kupanda hadi mwaka 1878, likausukuma ule mzibo, na kushuka mita nyingi. Nilimsimulia fundi habari hizo alipokuwa akikata mrija. Aliuliza upana wa Lukuga. Nilipomwambia siukumbuki, alinitazama kama mtu aliyesimuliwa safari na mtu asiyejua nauli.

Kifuniko ni kioo nusu, wavu nusu. Daktari wa London, Nathaniel Ward, aligundua mwaka 1829, ndani ya chupa alimokuwa amefungia bundo la nondo, kwamba mmea ukifungiwa kwenye kioo hujinyeshea mvua yake wenyewe na kuishi. Masanduku yake yakaja kuvusha mimea bahari zote. Lakini Ward alifungia makangaga. Kiumbe anayepumua kwa ngozi anataka hewa inayotembea, na kupata unyevu pamoja na hewa ndiyo mizani ambayo fundi aliihangaikia wiki nzima, akisogeza kile kioo cha juu kidogo kidogo, akija alfajiri kutazama umande umeshika hadi wapi.

Vyura wanne waliingia jioni moja ya mvua. Tulivitega vinzi vya ndizi kwa kopo lenye ganda lililoiva, tukavimwaga ndani, na mpaka taa ya barabarani inawaka wawili walikuwa wamekwisha kula. Mmoja aliruka akakosa jani, akaangukia maji. Alipiga miguu mara mbili, akaacha. Maji yakambeba, yakampitisha nyuma ya mzizi, yakamleta juu ya jiwe la rangi ya ini. Akapanda.

Fundi alikuja kesho yake. Watoto walimvuta kwa mikono wote wawili wamwonyeshe nani yuko kwenye jani gani, naye akasema ndiyo, ndiyo, wazuri sana, bila kugeuza kichwa. Alikuwa amepiga goti kwenye pembe ya mbele, mkono wa kushoto, ambapo alama ya sabuni ilikuwa bado inaonekana. Alivuta maji kidogo kwa mrija, akayapokea kwenye kile kikombe cha bati, akayainua kwenye mwanga, akayanusa. Akanusa tena. Halafu akatoka nje kuyamwaga chini ya mgomba, akarudi, akamwuliza mama watoto kama chai ipo, lakini si kwa kikombe hiki.